Miti Mitatu: Msitu katika Hadithi Fupi za Marekani

Ndugu walimu, wanafunzi, na nyote mliofika jioni hii, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya mazingira katika hadithi fupi za zamani za Marekani. Mada hii huzungumzwa sana kwa njia moja: tunaambiwa kwamba mwandishi fulani aliipenda asili, aliisifu milima, aliisifu mito na ndege wa angani. Sifa hizo zipo, na nyingine ni tamu kuzisoma. Lakini hadithi zilizo bora, zile ambazo bado zinasomwa baada ya miaka mia moja na zaidi, zina jambo zito kuliko sifa. Ndani yake watu wanahangaika na swali hili: mti huu ni wa nani, na aliyeutolea jasho ni nani?

Nitawaletea miti mitatu. Mmoja unakwewa na mtoto, mmoja unazima moto, na mmoja unapasuliwa mbao. Yote ni ya jamii ya misonobari, na hadithi zake zilitoka kati ya mwaka 1886 na 1908, wakati Marekani ilipokuwa ikikata misitu yake kwa kasi ya kutisha.

Swali lenyewe, hata hivyo, ni la zamani zaidi. Mwaka 1824 Washington Irving alichapisha hadithi ya bahili mmoja wa Massachusetts aitwaye Tom Walker. Tom anakatiza kinamasi karibu na Boston, anapumzika penye ngome ya kale ya wenyeji wa asili wa nchi ile, na fimbo yake inafukua fuvu la mtu lenye shoka limekwama ndani. Hapo hapo anatokea Shetani na kumuuliza anafanya nini katika eneo lake. Tom anajibu kwamba eneo hilo ni mali ya shemasi Peabody. Shetani anamwonyesha mti mkubwa, wa kijani na wa kupendeza kwa nje, umeoza ndani, umekaribia kukatwa wote, na kwenye gome lake limechongwa jina la huyo shemasi, aliyetajirika kwa biashara za ujanja na wenyeji. Tom akitazama pande zote anaona miti mirefu mingi ina majina ya wakubwa wa koloni, na yote imeguswa na shoka. Baadaye Shetani anamtaka Tom aingie kwenye biashara ya watumwa, na hata Tom, kwa ubahili wake wote, anakataa. Anakubali kuwa mkopesha riba. Hadithi moja fupi ina ardhi iliyoporwa, msitu unaokatwa, pamoja na meli ya watumwa, na Irving anayaweka yote chini ya miti ile ile. Waliofuata walikuwa na pa kuanzia.

Sasa mti wa kwanza. Uko Maine, jimbo la kaskazini mashariki kabisa. Sarah Orne Jewett alizaliwa huko, katika mji wa South Berwick, mwaka 1849. Baba yake alikuwa daktari, na binti alizoea kufuatana naye akienda kuwatazama wagonjwa mashambani. Mwaka 1886 alitoa hadithi iitwayo "A White Heron", yaani yangeyange mweupe. Mhusika wake ni Sylvia, mtoto wa miaka 9, aliyeletwa na bibi yake kutoka mji wa viwanda uliosongamana watu. Shambani kwa bibi, kazi yake kubwa ni kumtafuta ng'ombe anayependa kujificha vichakani jioni.

Jioni moja anatokea kijana mwenye bunduki. Nataka mumtazame vizuri kijana huyu, maana Jewett angeweza kumfanya mtu mbaya na hakufanya hivyo. Ni mpole, ana adabu, anampa Sylvia kisu kidogo cha mfukoni, anajua majina ya ndege na tabia zao. Anawapenda ndege kweli kweli, na kwa sababu anawapenda huwapiga risasi, huwakausha, huwajaza na kuwaweka nyumbani, makumi kwa makumi. Sylvia anafuatana naye msituni kutwa nzima, na kitu kimoja tu hakimwingii akilini: kwa nini mtu awaue ndege anaowapenda kiasi hicho. Kijana anamtafuta yangeyange mweupe ambaye ni adimu upande ule, na anaahidi dola 10 kwa atakayemwonyesha kiota. Bibi na mjukuu ni maskini. Usiku ule Sylvia anawaza vitu vyote ambavyo dola 10 zingenunua, na hamalizi kuvihesabu.

Kwenye ukingo wa msitu kuna msonobari mrefu kuliko miti yote, wa mwisho wa kizazi chake. Wakata miti walioiangusha miti mingine ya rika lake walikwisha kufa, msitu mwingine umeota mahali pale, na hakuna ajuaye kwa nini huu uliachwa. Labda uliwekwa kuwa alama ya mpaka. Sylvia anatoroka nyumbani kabla ya alfajiri ili aupande. Hawezi kuufikia kutoka chini, basi anapanda kwanza mwaloni ulio jirani, kisha anavuka gizani kutoka mti mmoja hadi mwingine. Utomvu unamganda vidoleni. Vijiti vikavu vinamparura. Na hapa Jewett anafanya kitu ambacho wahakiki wengine wamekiita udhaifu, nami nakiona ndiyo nguvu ya hadithi: anauacha msonobari wenyewe uhisi. Mti mzee unashangaa kumwona kiumbe huyu mdogo akipanda, unaupenda ujasiri wake, unatuliza matawi yake na kuuzuia upepo usimtikise. Kule juu mtoto anaiona bahari kwa mara ya kwanza maishani, na jua linachomoza juu yake, na tanga za meli, na mwewe wawili wanaruka chini yake. Kisha yangeyange anapaa kutoka kinamasini, anatua kwenye tawi la msonobari, si mbali naye, na kumwita mwenzake aliye kiotani.

Anateremka akiwa na siri mkononi. Mlangoni wanamngoja bibi na mgeni, wote wawili wanamhoji. Na Sylvia hasemi neno. Anakumbuka jinsi yeye na yule ndege walivyoitazama bahari na asubuhi pamoja, na hawezi kuutoa uhai wa ndege kwa bei yoyote. Bibi anamgombeza, kijana anaondoka, dola 10 zinakwenda zake. Jewett hatudanganyi kwamba hasara haikuwapo. Anakiri kwamba mtoto huyu baadaye aliukumbuka sana mluzi wa yule kijana, na anauliza kama ndege walikuwa marafiki bora kuliko ambavyo mwindaji wao angeweza kuwa. Swali analiacha wazi. Namheshimu sana kwa hilo, kwa sababu nimesoma hadithi nyingi za mazingira ambamo kutenda jema hakumgharimu mtu hata senti.

Mwaka ule ule wa 1886, huko New York, mtaalamu wa ndege Frank Chapman alitembea katika mitaa ya maduka akihesabu kofia za wanawake. Alihesabu kofia 700, na 542 kati yake zilikuwa zimepambwa kwa manyoya ya ndege. Manyoya yaliyotafutwa kuliko yote yalikuwa yale malaini ya yangeyange, ambayo humwota wakati wa kutaga na kulea tu. Kwa hiyo wawindaji waliwapiga wazazi kwenye makoloni ya viota, na makinda yakafa njaa. Mwaka huo huo George Bird Grinnell alianzisha chama cha kwanza cha Audubon (jina la mchoraji maarufu wa ndege) cha kuwatetea ndege. Mwaka 1896 wanawake wawili wa Boston, Harriet Hemenway na Minna Hall, walianza kuwaalika wanawake wenzao chai na kuwashawishi waache kofia za manyoya. Kutokana na vikao hivyo kikazaliwa chama cha Audubon cha Massachusetts. Sheria ya nchi nzima ya kuzuia biashara ya wanyama waliowindwa kinyume cha sheria za majimbo ilipita mwaka 1900, na ile ya kuwalinda ndege wahamao mwaka 1918. Sidai kwamba hadithi ya kurasa chache ndiyo iliyoleta sheria. Ninachosema ni kwamba kabla ya sheria lazima watu wengi wafikie mahali pa kuona kukataa bei kuwa jambo linalowezekana, na Jewett aliwaonyesha mtoto maskini akikataa.

Mti wa pili ni wa Jack London, nao nitaupita kwa haraka kidogo kwa sababu wengi wenu mmeusoma. "To Build a Fire", kama tunavyoijua leo, ilitoka mwaka 1908. London alikwenda Klondike, kaskazini magharibi mwa Kanada, mwaka 1897 pamoja na maelfu waliokimbilia dhahabu, akarudi bila dhahabu na mwili umedhoofishwa na ugonjwa wa kukosa vitamini. Hadithi yake ina mtu mmoja asiye na jina na mbwa mmoja, wanatembea katika bonde la Yukon kwenye baridi ya nyuzi 75 chini ya sifuri kwa kipimo cha Farenhaiti, karibu 59 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Mzee wa Sulphur Creek alikwisha kumwonya kwamba baridi ikipita kiasi fulani mtu asisafiri peke yake. Yeye akamcheka.

Watu hukumbuka mwisho wa hadithi na kusahau safari ilianzia wapi. Kwa nini mtu huyu hakuandamana na wenzake? Alizunguka njia ya mbali ili akaangalie kama masika yakija ataweza kukata magogo kwenye visiwa vya mto na kuyatoa. Alikuwa anakagua mbao! Na kinachomuua ni mti. Miguu yake inalowa, anawasha moto chini ya mti wa jamii ya msonobari uliosheheni theluji, na kwa kuwa ni rahisi kuvuta vijiti kutoka mti ule ule na kuvitia motoni, anavuta. Kila kijiti kinautikisa mti kidogo. Tawi la juu linamwaga theluji yake, linaangukia la chini, nalo la chini zaidi, hadi moto unafukiwa wote. London hamwiti mtu huyu mjinga. Anasema ni mwepesi wa kuviona vitu, ila havioni vina maana gani. Nyuzi 75 kwake ni nambari tu. Hazimpeleki kufikiri kwamba binadamu ni kiumbe dhaifu anayeishi ndani ya mipaka finyu ya joto na baridi. Mbwa, asiyejua nambari, anajua hayo.

Nina lawama moja kwa London, na naisema nikiwa msomaji wake wa miaka mingi. Nchi ile haikuwa tupu. Penye makutano ya mto Klondike na Yukon waliishi watu wa kabila la Hän, wakivua samoni. Dhahabu ilipopatikana mwaka 1896 na umati ukamiminika, kiongozi wao, Chief Isaac, aliwahamishia watu wake Moosehide, kijiji kilicho chini kidogo ya Dawson kwa mkondo wa mto, ili wasimezwe na mji wa wachimbaji. Hao walijua kusafiri kwenye baridi ile na kurudi salama kwa vizazi vingi. Katika hadithi hii hawamo. Ujuzi wote umewekwa kwa mzee wa Sulphur Creek na kwa mbwa. Mwalimu atakayeifundisha hadithi hii bila kuwataja Wahän atakuwa amewapa wanafunzi wake jangwa la theluji ambalo halikuwapo.

Mti wa tatu ndio ulionileta hapa, lakini kabla ya kuufikia lazima nipite Unguja, kwa sababu kuna uzi unaotuunganisha na hadithi hizi. Mji wa viwanda alikotoka Sylvia ni wa namna ya miji ya New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani, iliyokuwa na viwanda vya nguo. Kizazi kimoja au viwili kabla ya hadithi ile, viwanda vya Massachusetts ndivyo vilivyofuma merikani, kitambaa kilichovaliwa pwani yetu yote na kubebwa na misafara hadi bara, hata kikawa kama fedha. Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zikawa zinakuja Unguja kuchukua pembe za ndovu na sandarusi. Sandarusi ilikwenda kutengenezea vanishi ya samani. Pembe zilikwenda Connecticut, zikachanwa kuwa vitana na vibonye vya piano. Na pamba ya merikani? Ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Babu zetu walivaa jasho lao bila kujua, na pembe za tembo wetu zilipigwa muziki katika sebule ambazo hazikujua jina la nchi walikotoka tembo hao.

Sasa twende North Carolina. Charles Chesnutt, mwandishi Mwafrika wa Marekani, alizaliwa Cleveland mwaka 1858 na kukulia Fayetteville, penye misonobari. Misitu ile ya kusini, ya misonobari yenye majani marefu, ilikuwa na takriban ekari milioni 90 kabla ya kukatwa. Leo umebaki mgao mdogo mno. North Carolina ilitajirika kwa lami na tapentaini. Watumwa walichimba tundu chini ya shina kwa shoka, wakaambua gome juu yake, utomvu ukatiririka ndani ya tundu, wakaukusanya. Mti ulikamuliwa hivyo hadi ukachoka.

Mwaka 1888 Chesnutt alichapisha "Po' Sandy", maana yake maskini Sandy. Anayesimulia ndani ya hadithi ni mzee Julius, aliyewahi kuwa mtumwa, na wanaomsikiliza ni mzungu John kutoka kaskazini na mkewe Annie, ambao wamenunua shamba na wanataka kujenga jiko jipya kwa mbao za shule ya zamani iliyo uwanjani mwao. Wamesimama kiwandani, msumeno unakata gogo, na Julius anasema sauti ile inamtia baridi.

Sandy alikuwa mtumwa mchapakazi mno. Watoto wa bwana wake walipooa na kuolewa kila mmoja alimtaka, basi bwana akawa anamwazima, mwezi kwa huyu, mwezi kwa yule. Siku moja anarudi na kukuta mke wake amebadilishwa kwa mwanamke mwingine. Huyo mpya, Tenie, wanapendana. Bwana anataka kumwazima tena. Sandy anasema amechoka; laiti angekuwa mti, au kisiki, au jiwe, kitu ambacho kingeweza kukaa mahali pamoja. Tenie anamfunulia kwamba yeye ni mganga. Anamgeuza msonobari.

Mbwa wa kusaka watoro wanafuata harufu hadi kwenye shina na kuishia hapo. Usiku Tenie anamrudisha kuwa mtu, alfajiri anamfanya mti tena. Siku moja ndege kigong'ota anautoboa mti, na usiku Sandy ana kidonda mkononi. Siku nyingine mtu anakuja kuuchimba kwa ajili ya tapentaini, na usiku ule Sandy ana jeraha refu mguuni, kana kwamba amechunwa ngozi. Nawaomba mlisome jeraha hilo polepole. Kila aliyefanya kazi katika misitu ile alijua kovu la tapentaini linafananaje kwenye shina, na alijua kovu la mjeledi linafananaje mgongoni. Chesnutt ameyaweka mahali pamoja.

Kisha Tenie anapelekwa mbali kumuuguza mkwe wa bwana, ghafla, hapewi hata nafasi ya kuaga msitu. Bwana anataka jiko jipya. Watu wanatumwa kukata mti, na mti unachosha mashoka, unalia, minyororo yake inafunguka njiani, lakini unafikishwa kiwandani. Tenie anarudi, anakuta kisiki kinachuruzika utomvu. Anakimbilia kiwandani akipiga kelele kwamba alitaka kumweleza Sandy kuwa hakumwacha kwa hiari. Wanamdhania kichaa, wanamfunga kwenye nguzo, na mbele ya macho yake msumeno unapita. Jiko lililojengwa kwa mbao zile linalia usiku. Hakuna anayetaka kulipikia. Linabomolewa, mbao zinajengea shule. Tenie anakutwa amekufa sakafuni humo.

John anaona ni ngano ya kizee. Annie anashangaa ule ulikuwa mfumo wa namna gani hata mambo kama hayo yakawezekana, na anakataa jiko lake lisijengwe kwa mbao za shule. Anataka mbao mpya. Baadaye tunajua kwamba waumini weusi waliojitenga na kanisa lao, Julius akiwa mmoja wao, wameomba kufanyia ibada ndani ya shule ile, na Annie amekwisha kuwaruhusu. Wako wanaomwona Julius mjanja aliyetunga kilio ili apate jengo. Mimi nasema alistahili jengo. Ni nani mwenye haki zaidi ya kukaa ndani ya mbao zile? Julius anaudai msitu kwa hati ambayo mahakama ya North Carolina isingeisoma, yaani hadithi ya waliofia ndani yake. Na angalieni jambo ambalo Annie hakuliona: mbao mpya anazozitaka nazo zitatoka msitu ule ule, kiwanda kile kile.

Ndiyo sababu namweka Chesnutt juu ya wenzake katika mada hii. Jewett aliona kwamba ndege hauzwi. London aliona kwamba nchi haijali nambari zetu. Wamarekani wawili wa baadaye nao waliandika: Ernest Hemingway, mwaka 1925, alituonyesha mji ulioungua huko Michigan na panzi waliogeuka weusi kwa kuishi kwenye majivu, na William Faulkner mwaka 1942 akaonyesha msitu wa dubu ukiuziwa kampuni ya mbao. Wote walikuwa na macho. Lakini Chesnutt peke yake, kati ya hao, alikataa kuutenganisha mgongo wa mfanyakazi na gome la mti.

Walimu wenzangu, hadithi za Jewett, Chesnutt na London sasa ni mali ya umma. Hakuna wa kumwomba ruhusa. Mtu anaweza kuzitafsiri na kuziweka mbele ya darasa mwezi ujao. Ningependa tuanze na Sandy. Wasomeeni wanafunzi kwa sauti, kama Julius alivyoisimulia, halafu watumeni wakaulize nyumbani dawati wanalokalia limetoka msitu gani, nani aliukata, na alilipwa nini. Tukikutana tena hapa, nitapenda kuwasikia wao wakizungumza badala yangu.